TAREHE ZA KUANDIKWA KATIKA KALENDA YETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa idara ya injini mbele ya mkutano wa tawi, Nakuru)



Mimi si mtu wa hotuba. Elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, na mengine nimeyaokota kidogo kidogo kwa kusoma usiku baada ya kazi. Basi nikikosea hesabu, mwenye kujua anisahihishe hapa hapa. Asingoje kunisema nje penye chai.

Mnajua jambo hili lilivyoanza. Katika mkutano uliopita Katibu alining'iniza ukutani kalenda kubwa tupu, akasema kila mmoja ataje siku inayostahili kukumbukwa na tawi letu. Mmoja akataja siku ya wafanyakazi, mwingine akataja siku ya Jamhuri, na zote mbili zikaandikwa. Mimi nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, kwamba siku za uvumbuzi na ufundi nazo ziandikwe, kwa sababu ndizo zilizotupa kazi tuliyo nayo. Mwenyekiti akanijibu, "Vema, ndugu, basi nenda ukazitafute." Nimezitafuta, na nimeleta chache tu, zile zinazotuhusu sisi watu wa reli.

Kwanza niondoe birika njiani. Tulipokuwa watoto mwalimu wetu alitufundisha kwamba kijana mmoja aitwaye James Watt aliketi jikoni, akaona mvuke ukiinua kifuniko cha birika, na papo hapo injini ya mvuke ikazaliwa. Hata birika lilichorwa ubaoni. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haikuwa hivyo. Injini ya mvuke ya kuvuta maji migodini ilikwisha tengenezwa na Thomas Newcomen mwaka 1712, kabla Watt hajazaliwa. Watt alikuwa fundi wa kurekebisha vyombo katika chuo kikuu cha Glasgow, naye aliletewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen ulioharibika ili autengeneze. Katika kuutengeneza akaona jinsi mvuke unavyopotea bure, kwa sababu silinda inapashwa moto na kupozwa, inapashwa moto na kupozwa, kila mara. Akapata shauri la kuupozea mvuke mahali pengine, nje ya silinda. Hati yake ya uvumbuzi ni ya mwaka 1769. Naipenda habari hii kuliko ile ya birika, kwa maana huyu alikuwa mtu wa karakana kama sisi, aliyeletewa kitu kibovu na kuambiwa, "Tengeneza."

Sasa tarehe ya kwanza ninayoiomba iandikwe: 21 Februari 1804. Siku hiyo, huko Wales, injini iliyotengenezwa na Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma, mabehewa 5 na watu wapatao 70 kwa mwendo wa karibu maili 10, kwa muda wa saa 4 na dakika 5. Hii ndiyo safari ya kwanza ya gari la moshi juu ya reli ambayo habari zake zimeandikwa. Trevithick hakufuata njia ya Watt. Yeye alitumia mvuke wa nguvu nyingi katika boila ndogo, na bila jambo hilo injini isingeweza kujibeba yenyewe juu ya magurudumu. Watt aliogopa sana mvuke wa namna hiyo. Trevithick mwenyewe aliandika kwamba Watt alimwona kuwa mtu wa kustahili kunyongwa kwa kuuleta.

Injini ile haikushindwa. Kilichoshindwa ni njia. Reli za wakati ule zilikuwa za chuma cha kumimina, na zilivunjika chini ya uzito wake. Ninyi wa genge la njia, mnaolalamika kwamba watu wa injini hupata sifa zote, wekeni neno hili akilini: gari la moshi la kwanza duniani lilikwama kwa sababu hapakuwa na njia ya kulibeba.

Bwana huyu alikwenda Peru kwenye migodi ya fedha, akarudi Uingereza mwaka 1827 hana kitu. Mwisho alifanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Dartford, akafa huko tarehe 22 Aprili 1833, maskini, bila jamaa kando yake. Hapakuwa na fedha za maziko. Wafanyakazi wa kiwanda kile wakachanga, wakalibeba jeneza wao wenyewe, tena wakamlipa mlinzi wa kulinda kaburi usiku, kwani siku hizo wezi walikuwa wakifukua maiti na kuziuza. Kaburi lenyewe halikuwekwa jiwe. Ndugu zangu, kila mwezi hapa husikia mtu akinung'unika juu ya mchango wa maziko. Nimemweleza Ndugu Mweka Hazina habari hii, naye ameniomba niisome polepole.

Tarehe ya pili ni 27 Septemba 1825, siku ilipofunguliwa reli ya Stockton hadi Darlington, reli ya kwanza ya umma kuvutwa na injini ya mvuke. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 200, na huko kwao walifanya sherehe kubwa. Mjenzi wake, George Stephenson, alizaliwa mwaka 1781. Baba yake alikuwa mchochea moto wa injini ya mgodi wa makaa, na mtoto naye akaingia kazi hiyo hiyo. Mpaka umri wa miaka 18 hakujua kusoma wala kuandika jina lake. Alijilipia ada ya masomo ya usiku kutoka katika mshahara wake. Nasema haya kwa vijana wetu wa karakana ambao wanaona haya kuja katika darasa la Jumanne kwa sababu wana ndevu.

Miaka 4 baadaye, Oktoba 1829, yalifanywa mashindano ya injini mahali paitwapo Rainhill kwa tuzo ya pauni 500. Injini iliyoshinda iliitwa Rocket, ya Stephenson na mwanawe Robert. Siri yake ilikuwa ndani ya boila: badala ya bomba moja kubwa la moto, walipitisha mabomba madogo 25 ya shaba, na moto ukagusa maji mahali pengi zaidi. Shauri hilo halikutoka kwa Stephenson. Alilitoa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli. Ndugu Katibu, naona unatabasamu.

Jambo moja dogo zaidi hapa. Upana wa reli aliouzoea Stephenson katika migodi, ulioongezwa nusu inchi baadaye, ndio huu unaoitwa upana wa kawaida, milimita 1,435. Sisi huku tulipewa njia ya mita moja, kwa kuwa vifaa na mafundi wengi wa kujenga reli ya Mombasa walitoka India, ambako mita moja ilitumika sana. Upana wa Stephenson haukufika Kenya mpaka mwaka 2017, ilipofunguliwa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Kwa hiyo reli ambayo vijana huiita ya kisasa ina kipimo cha babu wa babu zetu, na hii yetu wanayoiita ya zamani ndiyo yenye kipimo cha baadaye. Mambo ya dunia.

Sasa nafika kwenye tarehe ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nipaze sauti siku ile. Si siku ya furaha.

Tarehe 12 Juni 1889, katika mji wa Armagh, Ireland, watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao walipanda gari la moshi kwenda matembezi pwani. Walikuwa kama watu 940. Dereva alilalamika kwenye stesheni kwamba mabehewa yameongezwa kupita alivyoambiwa, hakusikilizwa. Gari lilipanda kilima likazidi kupungua mwendo, na karibu na kilele likasimama kabisa. Wakaamua kulikata mara mbili: injini ipande na mabehewa ya mbele, kisha irudi kuchukua ya nyuma. Mabehewa 10 ya nyuma yakaachwa yameshikwa na breki moja ya mkono ya gadi, na mawe yakawekwa chini ya magurudumu.

Ninyi mnaofanya kazi ya njia ya kupanda mmekwisha jua yaliyofuata. Gari hilo lilikuwa na breki ya kunyonya hewa (vakyumu), lakini ya namna ile inayoshika tu maadamu bomba zima limeunganika. Lilipokatwa, breki za nyuma zikalegea zote. Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa yaliyosimama, mawe yakasagika. Mabehewa 10 yakaanza kuteremka, watu wamo ndani, na chini kulikuwa na gari jingine linapanda. Walikufa watu 80, wakiwamo watoto wengi.

Sikilizeni sasa. Dawa ya jambo hili ilikuwapo. George Westinghouse wa Marekani alikwisha tengeneza breki ya hewa mwaka 1869, na mwaka 1872 akaitengeneza upya ili ijishike yenyewe. Ufundi wake ni kugeuza mambo: badala ya hewa kukaza breki, hewa iliyojaa katika bomba ndiyo inayozizuia zisikaze. Bomba likikatika, behewa likichomoka, hewa ikitoroka kwa sababu yoyote, kila behewa linajishika lenyewe. Maana yake, kuharibika kwenyewe ndiko kunakosimamisha gari. Uvumbuzi huo ulikuwa na umri wa miaka 17 siku watoto wa Armagh walipokufa. Wenye makampuni walikuwa wakisema ni ghali. Baada ya maziko, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka huo huo, mnamo Agosti, ya kulazimisha breki zinazojishika katika magari yote ya abiria.

Marekani kwenyewe ilikuwa vivyo hivyo kwa upande wa kuunganisha mabehewa. Zamani muunganishaji alisimama kati ya mabehewa mawili, akaongoza pete ya chuma kwa mkono wake na kuchomeka kijiti wakati behewa likija. Waliokuwa wakitafuta kazi waliulizwa waonyeshe vidole, na aliyepungukiwa vidole alijulikana kuwa mzoefu. Eli Janney alipata hati ya kiungo kinachojifunga chenyewe, mfano wa mikono miwili inayoshikana, tarehe 29 Aprili 1873. Sheria ya kulazimisha viungo vya namna hiyo na breki za hewa ilitiwa sahihi tarehe 2 Machi 1893. Ni miaka 20! Katika miaka hiyo mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, ambaye hakuwa mtu wa reli hata kidogo, alizunguka akiandika barua na kusimama katika mikutano, kwa sababu siku moja alimwona mtu wa breki akipoteza vidole mbele ya macho yake. Vyama vya wafanyakazi wa reli vikaungana naye. Bila kelele zile, kiungo cha Janney kingekaa katika picha tu.

Mnaelewa kwa nini nasema haya. Kuna mwenzetu, simtaji jina, na yadi siitaji, aliyebanwa mkono kati ya mabehewa usiku wa mvua. Taa yake ya mkono ilikuwa haina betri. Alikwisha omba betri mara mbili. Mimi ndiye niliyemshika kichwa mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika. Hakuomba chombo kipya cha ajabu kisichovumbuliwa bado. Aliomba betri. Leo yumo humu ukumbini, ameketi na mkewe, na nimemwomba ruhusa kabla ya kusema. Kwa hiyo naomba 12 Juni iandikwe katika kalenda yetu, na siku hiyo kila mwaka kamati ipite yadi yote, ihesabu taa, filimbi na vigingi vya magurudumu, iandike yanayopungua, na karatasi hiyo ipelekwe kwa wakubwa ikiwa na sahihi za wote. Hilo ni ombi rasmi, Ndugu Mwenyekiti, liingie katika kumbukumbu.

Nikitoka Ireland nirudi nyumbani. Reli yetu ilianza kulazwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapita hapa Nakuru mwaka 1900, ikafika ziwani Kisumu, pakiitwa Port Florence siku hizo, Desemba 1901. Mwendo wote ni maili 582. Njiani walifika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kikuyu, na hapo wahandisi walishikwa na mshangao, kwa maana ardhi inaanguka ghafula. Kabla njia ya kuzunguka haijamalizika walitumia kamba za waya: mabehewa yaliwekwa juu ya vitanda vya magurudumu vilivyotengenezwa ili vikae sawa ijapokuwa mteremko umelala, yakashushwa, behewa linaloshuka na mzigo likisaidia kupandisha jingine. Kwa namna hiyo mataruma na reli zilizolazwa hapa kwetu zilishushwa bondeni, mpaka mwaka 1901 njia ya kudumu ilipokuwa tayari. Ule ni uvumbuzi hasa, na ulifanyika karibu na milango yetu, lakini ni wangapi humu waliousikia shuleni? Tulifundishwa simba wa Tsavo tu.

Vitabu vya serikali viliandika kwamba watu kama 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na waliokufa ni 2,493. Gawanyeni kwa maili 582, mtapata zaidi ya watu 4 kwa kila maili. Waafrika waliobeba mizigo, waliofyeka msitu na kuchimba udongo walikufa pia, nao hawakuhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Bibi aliyepigilia msumari wa mwisho kule ziwani jina lake tunalo, na mji ukaitwa kwa jina hilo. Sina ugomvi na bibi huyo.

Njia kuu ya kutoka hapa Nakuru kwenda Eldoret ilifika huko mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931. Hapo ndipo penye Timboroa, ambako reli hupanda mpaka futi 9,136 juu ya bahari. Mtu anaondoka hapa stesheni kwenye futi 6,000 hivi, na kabla hajamaliza stori zake amepanda futi 3,000 na anatafuta koti.

Kwa vilima hivyo na kona hizo, injini za kawaida zilihangaika. Ndipo ikaja Garratt. Herbert William Garratt alikuwa Mwingereza aliyeanza kama mwanafunzi wa ufundi karakanani, akafanya kazi za reli katika nchi nyingi. Alipata hati yake mwaka 1908, na injini mbili za kwanza zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Fikirini machela: wachukuzi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mgonjwa katikati. Wachukuzi ni injini mbili zenye magurudumu, na mgonjwa ni boila. Chini ya boila hakuna gurudumu, kwa hiyo inaweza kuwa nene na sanduku la moto kuwa na kina. Uzito unagawanyika juu ya ekseli nyingi, reli nyepesi haivunjiki. Na kwenye kona kila mchukuzi hupinda kwa zamu yake. Lile tatizo la Trevithick la mwaka 1804, injini nzito kwa njia nyepesi, hapa ndipo lilipopata jibu la kuwafaa watu wa milimani. Garratt mwenyewe alikufa mwaka 1913, na za kwanza zilifika kwetu mwaka 1926, hakuziona.

Kubwa kupita zote zilikuja mwaka 1955 na 1956, jumla 34, kila moja zaidi ya tani 250, zimepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hazikupata mwenzao kwa nguvu katika njia ya mita moja duniani kote. Babu yangu alikuwa fayamani wa Garratt. Watu wakidhani alikuwa akitupa makaa kwa sepeto, hucheka: zile zilikula mafuta, na kazi yake ilikuwa kushika vali, kutazama moshi na kutazama maji. Alisema moshi mweusi ni mshahara wa bure unaopanda mbinguni. Lakini aliziba masikio kwa makelele ya miaka mingi, na mpaka anakufa tulizungumza naye kwa kupiga kelele. Moja ya injini hizo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Nilimpeleka mwanangu, akauliza babu alikaa wapi. Nikamwonyesha kiti. Hakuna kibao chenye jina la mtu yeyote aliyekalia kiti hicho, ila jina la mlima.

Nisije nikaambiwa kwamba najua reli tu, naongeza moja ya jirani zetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Tanganyika, Erasto Mpemba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu shuleni aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa na mwalimu na wenzake. Akauliza tena, mbele ya mwalimu wa chuo kikuu, Denis Osborne, naye huyo alikwenda kujaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na wataalamu wa dunia wanalijadili jambo hilo kwa jina la Mpemba mpaka leo, hawajalimaliza.

Hizo ndizo tarehe zangu. Katibu ameniambia kalenda ina nafasi, na Jumamosi ijayo atabaki ofisini mpaka jioni. Wazee mliostaafu, nawaomba mje na majina: nani aliendesha injini gani, nani alikuwa kiongozi wa genge la Timboroa, nani aliumia, mwaka gani. Mzee mmoja hapo mbele amekwisha nionyesha karatasi yenye majina 11, na mawili kati yao yana msalaba. Tutaanza na hayo.